Kidonge cha Pili

Makame akidanganya hujikuna sikio la kulia. Nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja, nalijua hilo kama ninavyoijua chumvi ya mchuzi wangu, na bado siku ile alipojikuna nilijiambia labda kaumwa na mbu. Nayasema haya mapema msije mkanionea huruma ya bure. Macho nilikuwa nayo.

Mimi ni Mwatumu. Babu yangu alifika Ngara kutoka Pangani na mizigo ya chumvi na kaniki, babu yake Makame hivyo hivyo, na kwa kuwa familia zetu za pwani ni chache huku juu, tukaozana sisi kwa sisi. Duka letu la dawa lilikuwa kwenye barabara ya Nyamiaga. Miaka ile ya wakimbizi wateja walikuwa hawaishi: Warundi wa kambi ya Lukole na vibali vyao mkononi, wakulima wa Kihangaza, madereva wa malori ya mahindi ya msaada. Makame ndiye aliyesomea dawa, cheti chake alikipatia Mwanza. Kazi yangu mimi ilikuwa kufuta vumbi, kupanga rafu na kuuza panado.

Tulikuwa na mabinti wawili, Swaumu na Zawadi. Wote wawili walitolewa kwa kisu. Huyu wa pili nusura anizike, maana kidonda kilioza nikalala hospitali wiki sita. Siku ya kuruhusiwa daktari alimkalisha Makame kitako, akasema mbele yangu, "Mzee, kizazi cha mama huyu pale penye mshono kimebaki chembamba kama karatasi. Mimba ya tatu inaweza kumuua. Umenisikia?" Makame akajibu amesikia. Daktari akaandika barua yenye maneno hayo hayo akanipa niitunze, nami nikaitia sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.

Mwaka 2006 sindano yangu ya uzazi wa mpango ilinipita, kwa sababu nilikuwa Biharamulo kumuuguza shangazi. Niliporudi haukupita muda nikashika mimba. Nilipojua nilikaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikawaza ni nani atamsuka Zawadi nywele nikishakufa. Ndilo wazo lililonijia, nywele za Zawadi, kwa sababu zile nywele zina ukaidi na hazimtulii mtu mwingine.

Mimba ilikuwa na miezi miwili nilipomfuata Makame dukani mchana, wakati hakuna mteja. Niliiweka ile barua ya daktari juu ya meza.

"Baba Swaumu, nina mimba, na mimi sitaki kufa," nikamwambia. "Kuna dawa au hakuna?"

Nilidhani atafoka. Ukoo wao ni watu wa msikitini, kaka yake Maulidi ndiye mwenyekiti wa msikiti, na mimi mwenyewe neno lile lilinitoka kwa tabu. Lakini hakufoka. Alifunga nusu ya mlango, akasoma barua yote kana kwamba hajawahi kuiona, kisha akashusha pakiti moja kutoka rafuni.

"Nikueleze kama mtu aliyesoma," akasema. "Wazungu wanatumia dawa mbili. Ya kwanza inaikata mimba, ya pili inaisukuma itoke. Ile ya kwanza hapa kwetu haipo, hata ukienda Dar huipati. Hii ndiyo ya pili. Sisi tunaiuza kwa vidonda vya tumbo. Ukiinywa hii peke yake, bila ya kwanza, inasukuma kitu ambacho hakijakatika. Inakupasua, mama Swaumu. Ona hata hao walioitengeneza wameweka picha."

Kweli palikuwa na picha ndogo ya mwanamke mwenye tumbo, imekatwa mstari mwekundu. Akajikuna sikio.

Akaniahidi atakwenda na barua kwa daktari, kwa sababu sheria inamruhusu daktari kuokoa maisha ya mama. Jumatano akaondoka asubuhi na barua yangu mfukoni, akarudi alasiri macho mekundu. "Daktari amesema haiwezekani," akaniambia. "Tuvumilie. Watakupasua mapema kabla ya uchungu kuanza, na utapona." Akanishika miguu, akalia. Nikalia naye. Loo, mwanamume huyu! Nilimbembeleza mimi, nilimpikia chai mimi, nikajihisi nina bahati ya mume kuliko wake wote wa Ngara.

Na nikafanya ujinga mwingine juu ya ule. Zile pakiti nikazipandisha rafu ya juu kabisa, nyuma ya mabunda ya pamba, kwa kuwahurumia wanawake wenzangu. Wale Warundi wa kambini walikuwa wakija, mmoja mmoja, wanaulizia kile kidonge kwa sauti ya chini. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine kashika kanga yake, hajui kusoma, akanichorea ile picha kwa kidole juu ya kioo cha kaunta. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni sumu, itakupasua. Rudi nyumbani." Alinitazama kidogo, akarudi. Sijui alikwenda kunywa nini badala yake, mizizi au sabuni au nini, na mpaka leo nikiufuta mlango wa kabati lenye kioo namkumbuka.

Miezi ikaenda. Mimba ilipofika mwezi wa tano, Ijumaa moja asubuhi, Makame alikuja nyumbani mbio mbio kabla ya saa nne. Hana raha, anashika hiki anaacha hiki.

"Mama Swaumu, nipikie uji wa pilipili manga," akasema. "Kuna mpangaji kwenye vile vyumba vya Nyamiaga, binti wa Kisubi, kwao Nyamahanga. Mimba imemtoka juzi. Hana ndugu hapa. Anatetemeka tu."

Hapa lazima niwaeleze. Sisi watu wa asili ya pwani, mwanamke akizaa au mimba ikimtoka, hupikiwa uji mwembamba wa pilipili manga, tangawizi na samli, anywe ukiwa moto, tumbo lipate kusafika na mwili urudi. Wenyeji wa Ngara hawaujui. Wao wana mambo yao, mtori wa ndizi na mengineyo. Uji ule ningeweza kuupika mimi, na wifi yangu aliyekuwa Biharamulo, basi. Makame alilelewa na mama yake na shangazi zake, akawaona wakibeba uji huo nyumba kwa nyumba tangu ana akili. Ikamkaa moyoni kwamba mwanamke aliyemwaga damu asipoupata atakufa. Mtu mwingine asingehangaika. Angenunua soda. Yeye hakuweza.

Nikapika. Nilipomaliza akanyoosha mkono auchukue.

"Ebo! Tangu lini mwanamume akabeba uji wa mzazi?" nikamuuliza. "Aliyepika ndiye anayepeleka, na anakaa mpaka unywewe. Mama yako hakukufundisha?"

"Wewe una tumbo, jua ni kali."

"Jua ni la Mungu. Nenda zako ukaoge, leo Ijumaa."

Akasimama pale mlangoni muda mrefu. Nafikiri alikuwa akipima kipi kibaya zaidi, kunizuia au kuniacha niende. Akaniacha. Aliona, nadhani, kwamba yule binti hanijui na mimi simjui, nitamimina uji nitarudi.

Chumba kilikuwa cha mwisho uani. Nikabisha hodi, sauti ndogo ikanikaribisha. Binti mwenyewe, jina lake Teddy, hata ishirini sidhani kama alikuwa ameifikisha. Amelala kitandani, midomo mikavu, kajifunika shuka mbili na joto lile lote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimekuletea uji, kaa unywe."

Nikamwinua, nikamwegemeza begani kwangu. Akaonja, akakunja uso. "Mama, unawasha!" Nikacheka, nikamwambia ndiyo dawa yake, meza. Akanywa kikombe cha kwanza. Rangi ikaanza kumrudi. Nikamfuta jasho kwa ncha ya mtandio wangu.

Ndipo nikaiona chupa yangu ya chai. Ile ya maua mekundu, ina kovu kwenye mfuniko, Swaumu aliiangusha akiwa na miaka minne. Makame aliniambia imepasukia dukani. Ilikuwa juu ya stuli, pembeni ya kitanda cha Teddy.

Nikasema pengine kampa kwa huruma, mpangaji mgonjwa.

"Nani anakuangalia hapa, mwanangu?" nikamuuliza.

"Mume wangu." Akatabasamu, maskini wa Mungu. "Bado hatujafunga, lakini ni mume. Ana duka la dawa mjini. Mama, yule ni mtu mwema, sijaona. Nilipopata mimba alisema mapema mno, wazazi wangu Nyamahanga hawajamjua, itakuwa aibu. Akaniletea vidonge. Mimi nikaogopa, nikasikia watu wanakufa. Akasema nisiogope, hii ni dawa moja tu lakini inatosha, wengi wa kambini wameitumia. Ikikataa, ama damu ikizidi, atanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Akafunga duka, akakaa na mimi mchana kutwa pale ulipokaa wewe. Ananipa maji, ananikanda mgongo. Anaangalia saa."

Nilikuwa bado nimeshika kikombe. Mtoto tumboni akageuka, akanipiga teke la ubavu.

"Na mke hana?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka shwari, sijui ilitoka wapi.

"Alikuwa naye. Walishaachana, yupo Tanga."

Jamani! Mimi huyo wa Tanga nilikuwa nimekaa pale na tumbo la miezi mitano, nimempakata hawara wa mume wangu, namnywesha uji niliopika kwa samli niliyoitunza kwa ajili yangu mwenyewe. Nilitaka kummwagia usoni. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Halafu nikamtazama, ana vidole vimechubuka kwa kulima, kakamata ncha ya mtandio wangu kama Zawadi anavyoshika akiumwa. Nikamimina kikombe cha pili.

"Maliza," nikamwambia. "Mimi ndiye mke wa Tanga."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliangua kilio hadi jirani akaja kuchungulia. Nikakaa mpaka akaumaliza uji wote, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, kisha nikaiacha ile chupa nikatoka. Njia nzima kutoka Nyamiaga sikulia. Nilikuwa nikihesabu miezi kwa vidole, narudia, narudia, kana kwamba nikihesabu vizuri itarudi kuwa miwili.

Kambini Lukole kulikuwa na muuguzi wa Kirundi, Niyonkuru, mwanamke wa makamo, Kiswahili chake cha Bujumbura kizuri kuliko cha walimu wetu. Kila Jumanne alipewa kibali aje mjini kununua dawa zilizopunguka. Jumanne ile nilimngojea mlangoni, nikamvuta stoo, nikamwonyesha pakiti.

"Nieleze hii," nikamwambia. "Usinifiche kitu. Hii peke yake, bila ile nyingine, inatoa mimba au inapasua mtu?"

Akaitazama mimba yangu kwanza, akavuta pumzi.

"Mama, zikiwa mbili ni bora zaidi, huo ni ukweli. Ile ya kwanza inaitwa mifepristoni. Lakini nchi nyingi haipo, kwa hiyo wanatumia hii ya pili peke yake, misoprostoli. Mara nyingi inafanya kazi. Mara nyingine inashindwa, ndiyo maana mtu asiachwe peke yake na asiwe mbali na hospitali. Lazima aelezwe damu ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kukimbia nayo. Si mchezo. Lakini si sumu."

"Na mwenye mishono miwili ya kisu?"

"Mimba changa? Ya miezi miwili?" Akatikisa kichwa. "Mimba ikiwa changa kizazi bado kidogo, mshono hauvutwi. Daktari angekukubalia, hasa ukiwa na barua."

"Na sasa?"

Akaninyang'anya ile pakiti mkononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto wembe.

"Sasa hapana, mama. Miezi mitano na kovu kama hilo, sasa ndiyo inaweza kukupasua kweli."

Mmeona? Uongo wa Makame alikuwa ameuacha ukae, ukaiva, ukawa kweli. Hakuhitaji kunifunga kamba. Alihitaji nisubiri tu.

Niyonkuru hakuniacha hivyo. Alinipangia. Nihamie karibu na hospitali mimba ikifika mwezi wa nane. Nikamwone daktari mwenyewe, nisimtume mtu. Kisha akanirudishia ile pakiti akasema, "Hii itie kwenye kikapu chako cha kujifungulia. Usiinywe wewe, usiiguse. Mpe nesi. Baada ya mtoto kutoka, damu ikikataa kusimama, dawa hii hii hukikaza kizazi. Hospitali nyingine zinaishiwa sindano." Nikaitia chini kabisa, chini ya kanga za mtoto.

Makame nilimkabili jioni ile ile. Sitawasimulia maneno yote, mengine nilitukana na mimi ni mama wa watoto. Alikana, akajikuna, akakana tena, nilipomtajia chupa ya maua akakaa chini.

"Kwa daktari ulikwenda au hukwenda?" nikamuuliza.

Mkono ukamwenda mfukoni.

"Barua yangu iko wapi?"

Akaitoa kwenye pochi yake. Imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Aliibeba miezi mitatu.

"Nilitaka mtoto wa kiume," akasema. "Mmoja tu, mama Swaumu. Nikasema hospitali ipo, watakupasua, utapona kama ulivyopona."

"Na Teddy? Yeye hukutaka azae wa kiume?"

"Yule ningemweleza nini kaka Maulidi?"

Basi, ndiyo hiyo. Mimba mbili, pakiti moja, na mtu mmoja anayechagua. Yangu haikumwaibisha mbele ya watu, ikabaki. Ya Teddy ingemwaibisha, ikaondoka. Uhai wangu hakuutia hata kwenye hesabu. Akanisihi kwa Mungu nisimwambie Maulidi wala mtu yeyote, kwa sababu wiki ile polisi walikuwa wanapita madukani kuulizia nani anauza dawa hizo kwa wakimbizi. Nikamwambia nitanyamaza mpaka nijifungue, kwa ajili ya mabinti, kisha tutazungumza. Chumbani kwangu hakulala tena.

Nilimwona daktari peke yangu. Akasoma barua yake mwenyewe, akavua miwani. "Mama, mbona hukuja mapema? Mumeo sijamwona tangu mtoto wa pili." Nikamwambia najua.

Nilipasuliwa siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, wiki tatu kabla ya siku. Ganzi ya mgongo, macho wazi. Mtoto akalia. Nikauliza ni nini, nesi akasema wa kike, nikacheka mpaka daktari akaniambia nitulie anashona. Wa kike! Mungu ana yake.

Wakanitoa wakanilaza kwenye chumba kidogo chenye pazia badala ya mlango. Nje ya pazia palikuwa na benchi, nikasikia sauti ya Makame na ya Maulidi, wamekuja kuniangalia. Haikupita nusu saa nikaanza kusikia baridi. Nesi Febronia, Mhangaza mnene mwenye rozari shingoni, akafunua shuka, akaifunika haraka. Akaniminya tumbo kwa mikono miwili, akamwita mwenzake, akaulizia sindano. Mwenzake akasema ya mwisho ilitumika jana usiku, gari la dawa bado halijafika. Daktari alikuwa amerudi ndani, ana mgonjwa mwingine mezani.

Febronia akachungulia nje ya pazia.

"Baba, wewe si ndiye mwenye duka la dawa la Nyamiaga?"

"Ndiye," akasema Makame.

"Ile misoprostoli unayo? Ile ya vidonda vya tumbo. Nipe hata pakiti moja, kimbia sasa hivi. Inakaza kizazi. Mama anatokwa na damu nyingi, na mimi sina kitu. Tutampoteza, baba, unanielewa?"

Nikasubiri. Nilijua pakiti zilipo, rafu ya juu, nyuma ya pamba. Duka si mbali, kwa baiskeli dakika kumi. Nikasema moyoni, baba Swaumu, yote uliyonifanyia, hili moja tu. Nyanyuka.

"Sina," akasema.

"Huna hata moja?"

"Dukani kwangu hatujawahi kuuza dawa hizo."

Maulidi alikuwa amekaa ubavuni kwake, na tasbihi mkononi. Kwa ajili ya Maulidi alisema hivyo. Hakuninyima kwa hasira wala kwa chuki, ninawaapia, alininyima kwa sababu kaka yake alikuwa anasikiliza. Damu ilikuwa imelowesha godoro, naisikia ya moto chini ya mgongo na mwili wote wa baridi, na jambo lililoniuma lilikuwa lile neno fupi.

"Febronia," nikasema. Sauti haikutoka. Nikajaribu tena. "Kikapu. Chini ya kanga."

Akakipindua kikapu chote sakafuni. Akaiona pakiti. Aliifungua pale pale, na huku anaifungua akaikuta karatasi nyeupe ya duka tuliyozoea kubandika, yenye muhuri wetu. Alikuwa na haraka na hasira, pazia akalivuta likang'oka upande mmoja.

"Hujawahi kuuza, baba? Na muhuri huu wa nani?"

Akairusha ile karatasi kwenye benchi, akanigeukia mimi. Maulidi akaiokota, akaisoma. Mimi nilimwona Makame kupitia pale pazia lilipong'oka. Mkono wake ulikuwa sikioni.

Damu ilikaa muda kusimama, lakini ilisimama. Mpaka adhuhuri kizazi kilikuwa kimekaza kama ngumi, Febronia ndiye aliyesema hivyo, akaniwekea mtoto kifuani na kukaa kwenye kiti akatazama ukuta. Polisi hawakuja, kwa sababu hakuna aliyewaita. Maulidi aliondoka hospitali bila kumuaga ndugu yake.

Siku ya tatu akaja Teddy. Alikuwa na begi, anarudi kwao Nyamahanga, gari linaondoka saa sita. Ameshika chupa yangu ya maua mekundu.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea uji. Nilikumbuka ladha tu, vipimo sikuvijua."

Akanimiminia. Nilionja, nikakohoa mpaka mshono ukaniuma.

"Pilipili umezidisha."

"Nisamehe, mama."

"Kaa chini. Wewe hukunifanyia kitu."

Akakaa. Hakuinuka mpaka nilipomaliza wote, na ilikuwa kazi, maana ulikuwa mkali kweli kweli. Akaniachia chupa, akamgusa mtoto mguu, akaenda kuwahi gari lake.

Makame alikuja alasiri ya siku hiyo hiyo, peke yake, amevaa kanzu. Akasimama mguuni mwa kitanda. Alisema mengi. Alisema shetani, alisema hofu, alisema miaka kumi na moja. Alisema Maulidi amekubali kukaa nasi kikao, kwamba talaka si lazima, kwamba mabinti watatu watamhitaji baba. Mimi nilikuwa namnyonyesha mtoto. Mwisho akapiga magoti pale sakafuni, wagonjwa wote wanatazama.

"Mwatumu, huna hata msamaha kidogo?"

"Sina," nikamwambia, nikamgeuzia mtoto ziwa la pili.